Koki Aliyoifunga Mama

Asubuhi waliyorudi baharini, hakuna aliyekuwa na furaha kumshinda Fundi, na hakuna aliyekuwa na hofu kumshinda yeye. Kazi yake ilikuwa kushona matanga. Tangu waoane walikuwa wakiishi ndani ya mashua yao, yeye na mumewe, leo bandari hii, kesho ile, mpaka ugonjwa ulipoingia duniani, mipaka ikafungwa, wakajikuta wamekwama ghorofa ya nne nyumbani kwa mama mkwe. Walikwenda kupitisha wiki mbili tu. Wakakaa miaka miwili.

Miaka miwili ya kutazama ukuta wa jengo la jirani, karibu mno hata Fundi akazijua nyufa zake zote. Cherehani yake ya matanga ilishona barakoa mpaka ikakinai. Na baba mkwe akaondoka duniani, wodini, bila mtu wa kumshika mkono. Tangu hapo Mama hakuweza kukaa peke yake. Wakishuka dukani kununua mkate, wanarudi wanamkuta amesimama kwenye ngazi, kandambili mkononi, anawasubiri.

Kwa hiyo shauri likawa hili: karantini imekwisha, Mama apande mashuani siku moja ajaribu. Akiweza, wataondoka wote watatu. Akishindwa, mashua inauzwa, na mnunuzi alikuwa tayari, anangoja simu tu. Mume ndiye aliyetoa ahadi hiyo, naye si mtu wa kuvunja neno lake.

Mama alipanda na barakoa yake usoni, ingawa walikuwa watatu tu na anga nzima juu yao. Akachungulia ndani.

"Nyumba gani hii, choo chake kinapigwa pampu kama baiskeli?"

"Ndiyo nyumba yetu, Mama," Fundi alisema.

"Na jiko linaning'inia!"

"Linacheza na mawimbi, Mama, ili sufuria isimwagike."

"Makubwa. Haya, Nahodha, tupeleke kabla akili haijanirudia."

Hilo la Nahodha lilikuwa jina la utani. Kwa Mama, mwanawe alikuwa bado yule mtoto aliyekuwa akikimbia beseni la kuogea.

Injini ikawaka, kamba zikafunguliwa, wakaanza kutoka taratibu kwenye mlango mwembamba wa bandari, mawe kulia, mawe kushoto. Mama alishuka kuosha vikombe, maana mikono yake haijui kukaa bure. Walikuwa ndio kwanza wanayapita mawe ya mwisho pale king'ora cha injini kilipopiga kelele, moshi ukafuata, na harufu ya mpira unaoungua. Nahodha akaizima, akampa Fundi usukani, akaingia chini kichwa mbele.

Alitoka mweusi wa masizi na wa hasira. Koki inayoingiza maji ya kupozea injini ilikuwa imefungwa kabisa. Pampu imeungua.

"Nani amefunga koki?"

"Mimi," Mama alisema, kitambaa cha vyombo mkononi. "Nimeikuta wazi. Watu wazima mnaacha koki wazi mnaondoka zenu? Kule kwetu maji yanakuja kwa zamu."

"Mama! Hii ni bahari! Maji yataisha vipi?"

Mama akanywea. Nahodha akafuta uso, akasema bila kumtazama mtu, "Basi. Nampigia yule mnunuzi leo hii."

Fundi alitamani kulia, na kusema kweli alitamani kumzaba mtu kofi pia. Lakini mawe hayangoji mtu amalize kulia. "Simu baadaye," alisema. "Shika kamba."

Wakavuta. Tanga lilikuwa gumu kwa kukunjwa muda mrefu, likapanda likinung'unika, mishono yake yote aliitia Fundi kwa mkono wake. Kurudi ndani haikuwezekana, upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Tanga likapigapiga, likashika. Mashua ikainama kidogo, ikaondoka.

Na kukawa kimya.

Fundi alikuwa amekisahau kimya hicho. Hakuna jirani anayeburuta kiti, hakuna gari la wagonjwa, maji tu yakipita ubavuni. Sufuria, magodoro, cherehani, watu watatu na makosa yao, vyote vinakwenda kwa nguvu ya kitambaa. Aliinua macho yakaenda, yakaenda, hayakugonga kitu. Yalimuuma kwa kutazama mbali. Alikuwa amefanya kazi hii nusu ya maisha yake na bado machozi yalimtoka, wala hakuyaonea haya.

Mama alipanda akishikilia kila kinachoshikika.

"Mashine imekufa?"

"Imekufa, Mama."

"Sasa nani anatupeleka?"

"Upepo."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mama alilitazama tanga kutoka chini hadi juu, kisha akatazama mkondo waliouacha nyuma, kama mtu anayehakikisha hadanganywi. Akavua barakoa. Akafumba macho, upepo ukamshika uso wote, naye akafungua kinywa akaupokea. Akakaa hivyo muda mrefu.

Mwishowe Nahodha akalainika. "Mama, nisamehe, nimekufokea. Alasiri upepo ukigeuka nitakurudisha. Nilikuahidi, na mashua nitaiuza."

Fundi akakaza kamba. Makubaliano ni makubaliano.

"Muuguzi wa wodini alinipigia simu," Mama alisema. "Sikuwaambia. Alisema baba yako usiku wake wa mwisho alikuwa anaomba wamfungulie dirisha. Na chumba kile hakikuwa na dirisha." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hapa angepumua, mwanangu. Hapa angepumua mpaka ashibe."



"Usinirudishe," Mama alisema. "Upepo ukigeuka, wewe usigeuke."

Nahodha akaitikia kwa kichwa. Fundi alilegeza kamba kidogo, tanga likajaa, wakaendelea mbele.