Matete ya Mkasi

Attracta alipanda basi la saa tatu asubuhi kwenda Sligo akiwa amevaa koti lake la kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Dereva akamuuliza mjini kuna nini leo. Akamwambia anakwenda kwa daktari wa macho. Macho yake hayakuwa na shida yoyote. Alionyesha kadi yake ya wazee ya kusafiri bure, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa kijiji chake cha Corrabeg angemgeukia kupiga soga.

Ilikuwa tarehe thelathini na moja Januari, mkesha wa Mtakatifu Brigida. Kwa miaka ishirini na sita, asubuhi kama hiyo ilimkuta shambani kwa jirani yake Packie, mabuti ya mpira miguuni, ameinama kwenye majimaji aking'oa matete. Mchana aliyasuka kuwa misalaba midogo yenye mikono minne, mmoja kwa kila nyumba ya Corrabeg, nyumba kumi na nne, ili watu wauweke juu ya mlango uwalinde na moto mwaka mzima. Alianza alipokuwa bado anafanya kazi posta. Alipostaafu, watu waliacha kumwita yule wa posta, wakamwita yule wa misalaba. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Mwaka huu vidole vilikataa. Baridi yabisi ilimwingia tangu Oktoba, na kufikia Krismasi alikuwa anafungua mfuko wa sukari kwa meno. Siku tatu nyuma alichuma matete machache kando ya barabara ajaribu. Alifika mkono wa pili, yote yakamfumukia mapajani. Akaanza upya, yakafumuka tena. Aliendelea hivyo hadi chai ikapoa na machozi yakamtoka, si kwa maumivu tu.

Angeweza kumwambia Dympna. Dympna Shivnan alikuwa shoga yake tangu walipokuwa wanavaa soksi za shule, na ndiye katibu wa chama cha wastaafu. Lakini Dympna akijua jambo, Corrabeg nzima imejua. Wangekuja mmoja mmoja na keki na pole, na ile pole ndiyo Attracta aliyoshindwa kuimeza kabla hata haijaletwa.

Dukani, karibu na kanisa kuu, mwuzaji alihesabu misalaba akashangaa. "Kumi na nne? Wewe mwalimu?"

"Ndiyo," alisema Attracta.

"Darasa la ngapi, mama?"

"La pili."

"Wazuri hao, bado hawajajua utundu."

Alilipa, akatoka haraka kama mtu aliyeiba.

Nyumbani alibandua vibandiko vya bei kimoja kimoja kwa kucha. Misalaba ilikuwa mizuri mno, imenyooka kama askari, ncha zake zote zimekatwa sawasawa. Akazivurugavuruga ncha zile. Akachukua udongo kwenye chungu cha maua, akaupaka hapa na pale. Paka wake alikuwa ameketi dirishani anamtazama. Attracta alimbeba akamtoa nje, akafunga mlango.

Saa kumi na moja jioni alichukua kapu lake la kila mwaka akaenda kwa Packie, kwa kuwa msalaba wa kwanza ulikuwa wake siku zote. Packie Gilrane alikuwa dereva wa basi mpaka kisukari kilipomnyang'anya macho. Marehemu mkewe, Una, ndiye aliyemfundisha Attracta kusuka. Una alikuwa na sheria zake. Matete yang'olewe kwa mkono, yasiguswe na chuma chochote, kisu wala mkasi. Shina lake jeupe laini libaki kwenye ncha, hata kama litachomoza ovyo. "Brigida hapendi chuma," alikuwa akisema, kana kwamba wamekunywa chai pamoja jana yake.

Kwenye kichaka nje ya mlango kulikuwa na kitambaa cheupe kimetandazwa, kikimsubiri mtakatifu akipita usiku akiguse, kipate kuponya maumivu. Attracta alikipita bila kukitazama. Akagonga mara tatu.

"Pigeni magoti, fumbueni macho, mpokeeni Brigida," alisema, maneno ya miaka yote.

"Karibu, karibu, mwanamke mtukufu!" sauti ya Packie ikajibu toka ndani. "Macho nimefumbua, ila usitegemee mengi."

Utani huo aliurudia kila mwaka tangu apofuke, na kila mwaka Attracta alicheka. Safari hii kicheko kilimtoka kikavu.

"Una mafua, bibie?"

"Baridi tu."

Akamkabidhi msalaba. Packie aliupokea kwa mikono miwili. Mikono ile ndiyo iliyosoma karata zao kila Jumanne, karata ambazo Una alizitoboa pembeni kwa sindano ili mumewe azijue kwa kugusa. Kidole gumba kikapita katikati ya msalaba, kikafuata mkono wa kwanza mpaka mwisho. Hapo kikasimama. Kikaenda mkono wa pili, kikasimama tena.

Attracta alihisi masikio yanawaka moto. Udongo ule wote, kuvuruga kule kote, alikuwa amevifanya kwa ajili ya macho. Akauleta kwanza kwa mtu asiye nayo.

"Matete ya wapi haya?" Packie aliuliza taratibu.

Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema kweli. Akaupita.

"Ya kwako, si pale chini kwenye majimaji. Asubuhi."

"Lango sikulisikia likilia."

"Nilipitia ukutani."

"Ehe," alisema Packie. "Miaka sabini na moja, unaruka kuta. Hongera."

Alisimama, akapapasa juu ya mlango, akautoa msalaba wa mwaka jana, akaweka ule mpya. Attracta aligeuza uso asione. Ndipo alipoiona ndoo kando ya jiko. Ilikuwa imejaa matete mabichi, mashina yake meupe yakichungulia juu ya ukingo, matope bado yameyaganda. Akatazama suruali ya Packie iliyoanikwa kwenye kiti. Magoti yake yote mawili yalikuwa meusi kwa tope.

"Hiyo ndoo isikusumbue," alisema Packie, kana kwamba ameliona jicho lake. "Jumanne nilikusikia ukidondosha karata. Mara nne. Nikasema huyu mikono inamsumbua, ngoja nimpunguzie kazi. Nilifuata waya wa ukuta mpaka chini. Basi, nitamtandikia mbwa."

Attracta alisema lazima awahi kulisha kuku. Kuku hakuwa nao tangu mwaka juzi.

Kesho yake ilikuwa sikukuu, na wastaafu wote walikusanyika ukumbini. Kasisi alibariki misalaba, chai ikamiminwa, mkate wa zabibu ukakatwa. Dympna akasimama na karatasi yake.

"Nyamazeni kidogo! Weka hicho kikombe, Concepta, hakikimbii. Leo tumpigie makofi mtu mmoja. Miaka ishirini na sita, jamani, hata ndoa zingine hazifiki huko!" Watu wakacheka. "Nitaandika habari yako kwenye jarida la parokia, Tracta, na picha juu. Na tazameni ya mwaka huu ilivyonyooka! Mwenzetu anazeeka mikono inakuwa mipya!"

Makofi yakapigwa. Mzee mmoja akagonga meza kwa fimbo. Attracta alisimama kwa sababu kila mtu alimtaka asimame. Alikuwa ameificha mikono yake mifukoni mwa koti, na ndani ya mifuko vidole vilikuwa vimevimba kama soseji.

"Sasa tuonyeshe," alisema Dympna. "Suka mmoja hapa, tukuone. Matete mawili matatu tu."

"Tuonyeshe, tuonyeshe!" wengine wakadakia.

Attracta alifungua kinywa. Alimwona Dympna akimtazama kwa furaha ya mtoto, kalamu mkononi, tayari kuandika. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Ulimi ukakaa ulipokuwa.

"Mwacheni," sauti ya Packie ilitoka kona ya chumba. "Mtu amesuka misalaba kumi na minne jana. Mnataka kumuua?"

"Ah, Packie, wewe nawe!"

"Mwacheni anywe chai."

Wakamwacha. Attracta aliketi. Kama Packie angesema kweli mbele ya watu wote, pengine Attracta angekasirika naye, na hasira ingemsaidia. Lakini alimsitiri. Alidanganya kwa ajili yake, mzee asiyewahi kusema uongo hata kwenye karata, na akadanganya akitazama upande ambao Attracta hakuwepo. Alipigwa picha amekishikilia kikombe, na kwenye picha ile mpaka leo anaonekana kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Asubuhi iliyofuata hakwenda na kapu. Alipita kwenye lango la Packie, akalisukuma polepole makusudi ili lilie kwa kirefu. Likalia. Alipofika mlangoni ulikuwa umeshafunguliwa.

"Leo umepita njia ya watu," alisema Packie.

"Niliinunua, Packie. Yote. Sligo."

"Najua."

"Nikaipaka udongo wa maua."

Mabega ya Packie yakaanza kutikisika. "Wa maua?"

"Usicheke."

"Nicheke nini, mama wee." Akaacha kucheka. Sura yake ikarudi ilivyokuwa juzi. "Sikiliza, Tracta. Nilipougusa nilijua ni wa dukani. Nikasema sawa, mikono imemshinda, ataniambia sasa hivi. Wala nisingejali. Nikakuuliza makusudi, nikakupa nafasi. Ukaniambia umeng'oa kwangu. Ulinidanganya mimi kwa sababu sioni. Una asingeambiwa hivyo."

Attracta hakusema hakukusudia, kwa sababu alikusudia. Alisimama na koti lake, akitazama vigae vya sakafu ambavyo Una alivipiga deki kila Jumamosi, akatamani Packie amfukuze ili iishe.

"Samahani," alisema hatimaye. Neno lilitoka dogo mno.

"Ndoo ipo," alisema Packie. "Mbwa hakuyataka."

Alitoka nje akarudi na kile kitambaa kilicholala kichakani usiku wa mkesha. Alikuwa amekiacha hapo siku mbili, kimelowa umande. Akamfunga nacho vidole vya mkono wa kulia, akavishikilia ndani ya viganja vyake mpaka vikapata joto. Kisha wakaketi mezani, yeye akishikilia katikati, Attracta akikunja. Mkono wa kwanza ulichukua muda wa birika kuchemka. Wa pili ulifumuka, wakaurudia. Wa tatu ulipokamilika vidole vya Attracta vilikuwa vinatetemeka na jasho limemtoka chini ya pua.

"Siwezi wa nne."

"Basi funga hapo."

"Mikono mitatu ni ya zizini, Packie. Ya ng'ombe."

"Mimi pia nimeishi na ng'ombe miaka mingi. Funga."

Akaufunga kwa uzi. Ulikuwa umepinda, mashina meupe yakichomoza ovyo kila upande, tope likidondoka mezani. Packie aliupitisha kidole gumba. Hakikusimama popote. Akauinua, akautoa ule wa dukani juu ya mlango, akauweka huu mahali pake, katikati kabisa, ambapo yeyote anayeingia angeuona.

"Packie, si hapo. Weka zizini."

"Zizi sina."

"Jumanne Dympna atakuja kwenye karata. Atauona."

"Macho anayo," alisema Packie. "Akiuliza, mimi sitajibu. Jana nilijibu mara moja, na hiyo inatosha."

Siku nne Attracta alilala vibaya. Mara mbili alishika simu ampigie Dympna aseme anaumwa. Jumanne ilipofika alivaa koti, akapita langoni, akapita chini ya ule msalaba uliopinda bila kuinua kichwa. Dympna alikuja nyuma yake amebeba biskuti na nakala sita za jarida la parokia, picha juu.

"Tracta, tazama ulivyotoka! Umekunja uso kidogo, lakini..." Alikuwa amesimama mlangoni, kichwa nyuma, anatazama juu. "Heh! Na hicho kitu ni nini? Nani kafanya hivyo? Packie, umeweka msalaba wa ng'ombe nyumbani kwa Una?"

Packie aligawa karata. Kidole chake kilisoma vitobo pembeni, kimoja kimoja, bila haraka. Hakujibu.

Dympna akageuka kumtazama shoga yake. Attracta alitoa mikono yake mifukoni, akaiweka juu ya meza, katikati ya karata, penye mwanga wa dirisha, vidole vyote kumi.

"Kaa chini, Dympna," alisema. "Hayo majarida yaweke pembeni kwanza."