Fundi, Si Wewe

Kwa miaka thelathini na moja mke wangu hajaniita kwa jina langu. Ananiita Fundi. Alianza siku aliponiletea redio ya marehemu baba yake, iliyokuwa imekauka sauti. Niliifungua mbele yake, nikapuliza vumbi, nikalehemu waya mmoja mwembamba, ikaimba. "Kumbe wewe fundi kweli," akasema. Tukaoana, tukapata watoto wawili, wakakua, wakaondoka, na mimi nikabaki Fundi. Fundi, chai tayari. Fundi, mlango wa jikoni unalia. Fundi, acha kukoroma. Wanaume wengine huitwa mpenzi, wengine huitwa asali. Mimi nilikuwa na langu, na sikuwahi kumwonea mtu kijicho kwa hayo yao.

Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniona mwehu kwa niliyoyafanya Alhamisi ile.

Mke wangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili. Ofisi ilipofungwa, walimuaga kwa hotuba fupi na kompyuta aliyokuwa akiitumia, lidude zito lenye kioo cha kisogo kirefu, ambalo tulilibeba watu watatu na bado likanivunja kiuno. Mwaka mzima lilikaa sebuleni chini ya kitambaa, na mwenyewe akawa anazunguka nyumbani akipanga upya vijiko vilivyokuwa vimekwisha kupangwa. Kisha ikatokea kazi. Kulikuwa na ofisi iliyokuwa ikirekodi mikutano ya watu, inakutumia sauti kwa intaneti, wewe unasikiliza na kuiandika ukiwa kwako. Walitaka mtu mwenye vidole vyepesi, kompyuta yake na intaneti yake nyumbani. Jaribio lilikuwa Alhamisi, kati ya saa nane na saa kumi. Ikigonga saa kumi, mlango umefungwa.

"Fundi," aliniambia usiku wa Jumapili, "nikiikosa hii, basi tena. Nitamalizia maisha nikihesabu vigae vya jikoni."

Nilimwambia hataikosa. Nilimaanisha, ingawa ndani yangu kulikuwa na kidudu kinachonong'ona. Kwangu kibandani siku zilikuwa zinapita haingii mtu, isipokuwa anayeuliza njia. Redio zikiharibika siku hizi watu wanazitupa. Mke ataanza kazi ya kisasa, mume anakaa na vyuma vyake. Kisebusebu na kiroho papo: nilimtakia mema, na nikaiombea ile kompyuta igome.

Kampuni ya intaneti ilituahidi mtu Jumatatu, hakuja. Ikaahidi Jumanne, kimya. Alikuja Alhamisi yenyewe, saa tatu asubuhi, na manukato yake yalifika sebuleni kabla yake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, mkanda umejaa vifaa vinavyong'aa. Moyoni nilimbatiza Bwana Manukato.

"Shikamoo, mzee," akaniambia. Kisha akamgeukia mke wangu: "Habari za asubuhi, dada?"

Mimi na mke wangu tumepishana miaka miwili tu. Nikaitoa marahaba kwa shida, kama mtu anayetema mfupa.

"Karibu ndani, Fundi," mke wangu akasema.

"Mimi nimo tayari," nikajibu.

Akacheka. "Si wewe, mume wangu. Namwambia Fundi."

Sikumbuki kama aliwahi kuniita mume wangu kabla ya hapo, labda siku ya ndoa, kwa kuwa palikuwa na watu. Nilisimama pale na bisibisi yangu mkononi, nikajiona nimevuliwa kofia mbele ya mgeni.

Na haikuishia hapo. "Fundi, kunywa chai." Nikageuka. Haikuwa yangu, na ilikuwa katika kikombe chenye kifuniko, ambacho mimi nilikinywea mara moja tu, nilipotoka hospitali. "Fundi, ukuta huu ni mgumu?" Nikafungua mdomo kujibu, maana ukuta huo niliupiga lipu mimi, lakini Bwana Manukato alikwisha kuutoboa. Kila neno lile lilipotoka, shingo yangu iligeuka yenyewe. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, ila hawakusema fahali wa zamani afanye nini wa pili anapoletewa biskuti.

Sitamsingizia, kazi ya waya aliifanya vizuri. Alipanda ngazi yake, akavuta waya kutoka kwenye nguzo, akaupitisha ukutani, akafunga kisanduku cheupe chenye taa tano. Taa zote zikawa kijani. Mke wangu akapiga makofi kama mtoto, na mimi roho ikaniuma, kwa sababu makofi yale nilikuwa nayajua. Yaliwahi kupigiwa redio.

Saa sita waliunganisha kompyuta. Ilinguruma, ikakohoa, ikawaka. Bwana Manukato akafungua ukurasa wa ile ofisi. Badala ya ukurasa likatokea tangazo refu la Kiingereza, na katikati yake nikaliona neno moja: tarehe. Yeye hakulisoma, alilifunga. Akafungua tena, likarudi. Akazima, akachomoa waya wa umeme, akachomeka, akawasha, likarudi lilelile. Akajaribu kwa simu yake, ukurasa ukafunguka mara moja.

"Intaneti yangu nzima," akasema. "Mgonjwa ni huyu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nikatupa jicho kwenye pembe ya chini ya kioo, na kila kitu kikawa wazi. Kompyuta iliamini leo ni tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao kitinda mimba wetu alikuwa darasa la pili. Mashine kama ile ina betri ndogo tumboni, bapa kama sarafu, inayoishikia saa na tarehe inapokuwa haina umeme. Betri ikifa, mashine inaamka kila mara ikidhani ni siku ileile ya zamani. Mke wangu alipokuwa akiandikia barua tu, haikumdhuru. Lakini intaneti ni kama mlinzi wa getini: ukimwambia tarehe isiyo ya leo, hakufungulii. Betri hizo ninazo kopo zima. Natia kwenye mizani, natia kwenye rimoti za watu. Ni kazi ya dakika mbili.

Nilikuwa na maneno manne mdomoni: tazameni tarehe, betri imekufa. Nikasogea nielekeze kidole.

"Mzee, hebu tupishe kidogo," akasema Bwana Manukato bila kugeuka. "Hizi si redio."

Hilo ningelimeza. Lakini mke wangu, macho yake kwenye kioo, akaongeza: "Mwache Fundi afanye kazi yake."

Nikayameza maneno yangu manne. Nikawaacha. Kibandani nilichagua betri moja mpya, nikaifuta kwa shati, nikaitia mfuko wa kifuani. Mpango wangu ulikuwa rahisi, na wakati ule niliuona mtamu: jamaa ashindwe, achoke, ajikusanye na vifaa vyake vinavyong'aa aende zake. Kisha mimi niitwe. Sikutaka kujipeleka. Nilitaka niitwe kwa jina langu, mbele ya chombo kile, niingie polepole, nikifute kioo, nifanye dakika zangu mbili, na makofi yarudi kwa mwenyewe.

Kibanda changu kimegusana na sebule, pazia tu katikati, na dirisha lake linatazama ukuta wa nje. Kutoka kwenye kiti changu niliiona miguu ya ile ngazi imesimama ukutani. Nikawasha redio ili nisisikie kicheko chao. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Ngazi ilikuwa palepale.

Ilikaribia saa tisa niliposikia: "Fundi!"

Shingo ikageuka. Kisha nikatazama dirishani, nikaiona ngazi, nikajiambia: si wewe.

"Fundi, njoo!"

Nikaongeza sauti ya redio. Aje huyo anayeitwa. Si ana mkanda wa vifaa?

Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imeshuka. "Fundi, njoo mara moja. Tafadhali."

Hiyo tafadhali ndiyo iliyonimaliza. Miaka thelathini na moja sijaisikia tafadhali ya mwanamke yule. Kwangu ilikuwa njoo, shika, lete. Nikajua kabisa kuwa hakuwa akiniita mimi, na wivu ukanikaba mpaka nikaacha kuisikia redio yenyewe. Nilikaa na betri mfukoni, nikiingoja aibu ya mtu mwingine, na baada ya hapo hakuita tena.

Redio ikapiga milio ya saa kumi. Ile milio ndiyo iliyonizindua. Sikuwa nimepanga kufika huko. Nilikuwa nimepanga niitwe mapema, na ghafla nikakumbuka vijiko na vigae vya jikoni. Nikalifunua pazia, nikaingia sebuleni na maneno makali ya kumwambia Bwana Manukato.

Hakuwapo. Mke wangu alikuwa peke yake mbele ya kioo, amekaa wima kama alivyokuwa akikaa ofisini, mikono juu ya mapaja. Kikombe chenye kifuniko kilikuwa kimeoshwa na kurudishwa kabatini.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Fundi."

Akanitazama. "Aliondoka saa nane. Ngazi ataifuata kesho, ana kazi nyingine mtaa wa pili."

Mikono ikaanza kazi. Nilifungua ubavu wa kompyuta, nikachomoa betri ya zamani kwa ukucha, nikatia mpya. Tukaiwasha. Betri mpya haijui saa, lazima uifundishe. Nikaandika tarehe ya leo. Nikaandika saa, kwa kidole changu mwenyewe, nikitazama saa ya mkononi: kumi na dakika tisa. Mke wangu akafungua ukurasa. Ulifunguka mara moja, mweupe, mzuri, na juu yake pameandikwa kwamba jaribio limefungwa saa kumi kamili.

Aliusoma mpaka mwisho. Alikuwa na desturi hiyo, kusoma mpaka mwisho.

"Ni hiyo tu?" akauliza. "Kabetri hako?"

"Ni hako tu."

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kumdanganya. Angeniamini, kwa mambo ya mashine alikuwa akiniamini siku zote. "Tangu saa sita," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Ningependa iwe hasira.

"Nilipoita ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Nilidhani unamwita yule."

"Yule aliniambia niitupe kompyuta, imezeeka. Nikamwambia asante, nyumba hii ina fundi wake." Akavuta kitambaa, akaanza kukikunjua. "Nilisikia redio yako, nikajua upo. Ulipoipandisha sauti, nikajua hutaki. Ningeita mara ya nne ningekuwa naomba."

"Na ile tafadhali?" nikauliza kama mjinga.

"Ilikuwa yako. Nilijua umenuna."

Akaifunika kompyuta, akakinyoosha kitambaa pembe zote nne, akaenda jikoni. Nilimsikia anatoa vijiko.

Hayo yamepita miezi mitatu. Bwana Manukato alikuja kesho yake kuchukua ngazi, na mimi ndiye niliyemsaidia kuifunga juu ya gari. Aliniita mzee, nikaitikia vizuri. Sina wivu naye tena. Intaneti inakwenda kama maji, watoto tunawaona kwenye kioo kila Jumapili, na mke wangu huwaambia bila kinyongo kwamba kompyuta niliitengeneza mimi. Ile ofisi alikwisha kuiandikia. Walimjibu kwa adabu kwamba nafasi imejazwa.

Nyumbani hatugombani. "Chai iko mezani, mume wangu," ananiambia. "Funga dirisha, mume wangu." Jirani yangu mmoja amenipongeza. Amesema wake wa siku hizi hawana heshima kama hiyo, na mimi nimezeeka na bahati.

Juzi mlango wa jikoni umeanza kulia tena. Nilisikia tangu asubuhi. Nikatayarisha kopo la mafuta, nikazima redio, nikakaa kibandani nikisubiri kuitwa. Mchana ukapita. Alasiri mlango ukanyamaza, na nilipoingia ndani nilimkuta anafuta vidole kwa kitambaa, bawaba zote mbili amezipaka mafuta mwenyewe.