Pembeni mwa Jicho

Onchiri alilamba ncha ya uzi, akafumba jicho moja, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara ya kwanza. Kwenye veranda ya duka la Dahir, sokoni Ikonge, kaptura za shule zilikuwa zimerundikana hadi magotini mwake. Tangu serikali itangaze kwamba watoto wa madarasa ya chini hawalipi karo, kila nyumba ilikuwa imekumbuka ina mtoto, na kila mtoto alitaka sare. Kitambaa nacho kikapanda bei. Sukari ilikuwa chini ya kaunta, ikiuzwa kwa wanaojuana.

"Mmeona?" Dahir aliwaambia wateja wake. "Mzee huyu ana miaka sitini, uzi unaingia mara moja! Halafu anazunguka soko zima akisema macho yamekufa."

Wateja walicheka. Onchiri alifunika cherehani, akachukua koti, akageuka atoke. Bega lake likagonga sinia la chai lililobebwa na Kinsi, mke wa Dahir. Vikombe vikaanguka, chai ikatiririka juu ya kaptura mpya.

"Wallahi fundi! Nimesimama hapa tangu saa ile, hukuniona?"

"Sikukuona, mama."

"Sindano unaiona, mimi na unene huu hunioni?"

"Ndiyo hiyo shida yenyewe," Onchiri alisema. "Naona ninachokitazama tu. Pembeni hakuna kitu."

"Pembeni hakuna kitu!" Dahir aliinua mikono. "Basi hizi kaptura za pembeni, zilizomwagikiwa chai, uzifue wewe."

Wangecheka zaidi, lakini Ondieki alikuwa amefika. Ondieki alikuwa kaka mkubwa wa Onchiri na mkuu wa wazee wa ukoo wao. Hakusalimia mtu. "Twende," alisema. "Gari la macho limefika kwa chifu. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Neno la macho lilikuwa limeanza nyumbani, siku ya soko iliyopita. Onchiri alirudi jua likiwa limezama. Katika boma lake kuna nyumba mbili, yake na ya mwanawe Josiah, ambaye hufanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho. Onchiri alifuata njia, akaona mwanga wa moto, akainama, akaingia. Alipoinua uso akamkuta Esnah, mke wa Josiah, akioga kwenye karai.

Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hata mvua ya mawe ikinyesha, haingii. Hamgusi, haketi alipoketi, hamtazami usoni kwa muda mrefu. Heshima hiyo Wakisii huiita chinsoni, na anayeivunja bila sababu huonekana amekuwa mnyama. Esnah alipiga yowe. Asubuhi aliwabeba watoto wake wawili, akarudi kwa wazazi wake Nyaramba. Josiah akaja kutoka Kericho, akatamka mbele ya wazee: baba yake akishindwa kueleza kilichomwingiza mle ndani, yeye angejenga kwingine, na wajukuu wale Onchiri asingewaona tena bomani mwake.

"Macho," Onchiri aliwaambia. "Sikuiona nyumba yangu. Ilikuwa upande wangu wa kushoto, nikaipita."

Wazee walitazamana. Fundi wa nguo, haoni nyumba!

"Daktari akisema hivyo, nitasema hivyo," Ondieki alikuwa ameamua.

Kwa chifu foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Vikongwe waliokuwa na macho meupe kama maziwa waliketi kwenye nyasi, kila mmoja ameshika ncha ya fimbo, na mjukuu au binti ameshika ncha nyingine. Karani mwenye tai fupi alikuwa akipita akiwatazama usoni. Alisimama mbele ya Onchiri.

"Wewe mzee, nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi rudi mwenyewe. Hapa tunataka wale wameletwa."

"Lakini ninaumwa macho."

"Umetembea kwa miguu yako, umeniona, unanijibu. Unamzibia kipofu nafasi. Ukishakuwa kipofu, uje."

"Nikishakuwa?" Sauti ya Onchiri ilipanda. "Kwa hiyo mnangoja nyumba iishe kuungua ndiyo mlete maji?"

"Mzee, toka laini kabla sijamwita askari."

Ondieki alisogea, akasimama mbele ya karani, kifua kwa kifua. "Mimi ndio nimemleta," alisema. "Umeridhika?" Karani alitazama kofia ya Ondieki na ndevu zake, akaamua kupita.

Jua lilikuwa limevuka utosi walipoitwa ndani. Daktari wa macho alikuwa kijana mgeni, shati limelowa jasho mgongoni. Alimketisha Onchiri, akamziba jicho moja, akamwonyesha karatasi ukutani yenye alama zilizogeuzwa huku na huku, kubwa juu, ndogo chini. Onchiri alionyesha kwa kidole kila alama ilikoelekea. Juu. Kulia. Chini. Jicho la pili pia. Alishuka hadi mstari wa mwisho, ule wa alama ndogo kama mchwa, na kadiri alivyopatia ndivyo alivyozidi kujiangamiza. Alijua, lakini hakujua kudanganya.

"Hongera mzee," daktari alisema. "Una macho ya kijana. Anayefuata!"

Onchiri hakuinuka. "Hiyo karatasi iko mbele yangu. Iweke huku." Alinyoosha mkono kando. "Ninaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Kila mwaka mwanzi unakuwa mwembamba."

Daktari aliacha kuandika. Alichukua tochi, akamulika jicho moja, kisha lingine.

"Baba yako alikufa akiona?"

"Alikufa kipofu. Walisema ni uzee."

"Na huyu mzee ni nani?"

"Ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Basi nyote wawili mlitakiwa kupimwa mlipofika miaka arobaini. Kupimwa tu, hata bila kuumwa, kila baada ya mwaka au miwili. Kuna ugonjwa unaokula jicho kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ila dawa ya matone huweza kukilinda kilichobaki."

Ondieki alicheka kwa pua. "Kupimwa na nani, na wapi? Huku gari lenu tumeliona leo mara ya kwanza."

Daktari aliweka tochi mezani.

"Nipe hayo matone," Onchiri alisema.

"Siwezi kuyatoa kabla ya kupima nguvu ya maji ndani ya jicho. Chombo chake hatukupewa. Mimi nimetumwa kutafuta wenye mtoto wa jicho, wale wa kupasuliwa. Nikirudi nitaulizwa nimeleta wangapi, basi. Wewe nitapeleka jina lako. Watakuita."

"Lini?"

"Mwaka ujao, pengine."

Ondieki aliinamia meza. "Kijana, mimi nimekuja na swali moja. Kuna nyumba inabomoka kwa ajili ya jibu lako. Ndugu yangu haoni? Sema ndiyo au hapana."

Daktari alimtazama Onchiri, akaitazama karatasi ukutani, akamtazama karani aliyekuwa amesimama mlangoni akigonga saa yake kwa kidole.

"Kwa kipimo nilicho nacho, anaona," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi kuapa."

Walipanda mlima wa kurudi. Ondieki alitangulia. Mara mbili Onchiri alijikwaa kwenye mawe ya kando ya njia, na mara mbili Ondieki hakugeuka. Walipokaribia mashamba yao ya chai, Ondieki alipunguza mwendo.

"Mimi nakuamini," alisema.

"Basi waambie."

"Nitawaambia nilichosikia. Siwezi kusema uongo mbele ya wazee." Alikohoa. "Wewe ndiye unaweza. Sema ulikuwa umelewa."

Onchiri alisimama. "Mimi? Mimi ni Msabato, tena shemasi. Tangu nibatizwe sijaonja pombe."

"Ndiyo maana watakuamini. Watasema kumbe ulikuwa unajificha. Pombe imempotezea njia kila mwanamume wa huku. Atachinjwa mbuzi, mtatakaswa, Esnah atarudi."

"Na kanisa?"

"Kanisa litakufuta. Chagua."

Bomani wazee walikuwa wameketi kwenye nyasi. Josiah alisimama mbali, ameegemea ua, koti la safari mwilini. Bitutu, mke wa Onchiri, alikuwa mlangoni mwa jiko. Ondieki alivua kofia, akasema kwa ufupi: daktari amempima, na daktari amesema anaona.

Josiah aliokota mfuko wake.

"Ngoja," Onchiri alisema. "Siku ile nilikuwa nimelewa."

Wazee walishusha pumzi kwa pamoja. Mogire, aliyekuwa mkali kuliko wote, alipiga paja lake. "Si ungesema tangu siku ile! Tulidhani ni kitu kibaya. Shemasi wetu, kumbe na wewe unapitia njia za nyuma!"

"Pombe gani?" Bitutu aliuliza kutoka mlangoni. "Baba Josiah, pombe gani?"

Wazee walikuwa tayari wanabishana juu ya rangi ya mbuzi, na nani atumwe Nyaramba kesho kumleta Esnah na watoto. Onchiri alitazama mbele, kwenye kipande kidogo cha nyasi kilichokuwa wazi mbele ya macho yake.

Josiah aliweka mfuko chini. Alikuja taratibu kutoka upande wa kushoto, akasimama kando ya baba yake, akanyoosha mkono amsalimie. Mkono ulibaki hewani. Onchiri aliendelea kutazama nyasi.

"Baba," Josiah alisema.

Onchiri alishtuka, akageukia upande wa kulia, akashika hewa.

"Mwacheni," Mogire alisema, na wazee wakaangua kicheko. "Hata leo ameonja."