Kibanda cha Karvelas Hakifungwi

Kibanda cha Karvelas kilikuwa na mlango, lakini mlango huo haukuwa na ufunguo. Kitasa kilikuwepo, ila tundu lake lilikuwa limezibwa na rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka, hata ukipitisha kidole hulihisi. Kila mtu mjini Pawtucket alijua sababu. Lefteris Karvelas alipoegesha mkokoteni wake nje ya lango la kiwanda cha nguo, mwaka 1931, wafumaji walifanya kazi kwa zamu tatu, na kila zamu ilitoka na njaa. Akaamua kutofunga kabisa. Mkokoteni ukawa dirisha, dirisha likawa chumba chembamba chenye kaunta na viti vya kuzunguka, na watu wakaendelea kukiita kibanda. Mwaka wa kimbunga kikubwa maji yaliingia hadi magotini; Lefteris na mdogo wake Stathis wakapanda juu ya makreti ya soda, wakaendelea kuchoma soseji. Baadaye viwanda vilianza kuhamia kusini na zamu ya usiku ikafa, lakini moto wa Karvelas haukuzimwa.

Hapo soseji haikuandaliwa kwenye sahani. Mwandaaji alinyoosha mkono wa kushoto, akapanga mikate kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, kisha kwa mkono wa kulia akapita juu yake yote: soseji, haradali, nyama ya kusaga, kitunguu, chumvi. Na mkono huo ulipaswa kuwa wa Karvelas. Vibarua walimenya vitunguu na kuosha vikombe. Bamba la moto la kuchomea soseji lilishikwa na mwenye jina hilo.

Ndiyo maana Lefteris alipokata roho hospitalini, Jumatatu moja ya Kwaresima mwaka 1974, binti yake Evanthia hakuwepo. Alikuwa kibandani, mikate imejaa mkononi, na simu ililia mpaka ikachoka.

"Mazishi ni Alhamisi asubuhi," alisema kaka yake Pandelis, jikoni kwa mama yao. "Mimi nabeba jeneza. Mama hawezi kwenda bila mimi. Mke wangu hajui hata kuwasha lile bamba. Kwa hiyo, Eva..."

"Nitabaki," alisema Evanthia.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu akianza kumwomba jambo zito, yeye humalizia ili asimchoshe.

"Nimeshaongea na dereva wa gari la maiti," Pandelis akaendelea, sasa kwa sauti nyepesi. "Tukitoka kanisani atapita mbele ya kibanda, polepole. Baba aone kiko wazi na moshi unatoka. Utamuaga hapo dirishani. Tena bora wewe, hutasukumana na watu."

Mama yao, Areti, alikuwa akichambua ngano ya kuchemsha na kugawa kanisani kwa kumkumbuka marehemu. Hakuinua kichwa. "Baba yenu hakufunga hata alipokufa mama yake," alisema, na haikujulikana kama anasifu au analaumu.

Evanthia alitaka kitu kimoja tu: kumbusu baba yake kwenye paji la uso kabla sanduku halijafunikwa. Hakukisema.

Alhamisi alivaa gauni jeusi na juu yake aproni. Wateja waliingia, wakampa pole, wakaagiza. Mzee Gilhooly, mfumaji mstaafu ambaye kiti cha pembeni kilikuwa kama urithi wake, aliomba mbili zenye kila kitu. Alikuwa anatafuna ya kwanza alipotazama saa ya ukutani.

"Ngoja. Si anazikwa leo?"

"Ndiyo."

"Na wewe unanikaangia soseji."

"Kibanda hakifungwi, bwana Gilhooly."

"Hilo nimelisikia tangu nina nywele. Lakini Lefteris alikuwa na kichwa kigumu. Wewe nilidhani umemfuata mama yako."

Evanthia alikuwa anatazama dirishani, kwa sababu ng'ambo ya barabara mlango ulikuwa umefunguliwa na mtu alikuwa anavuka.

Huko ng'ambo kulikuwa na duka la baba yake mdogo, Stathis. Naye aliuza soseji, mikate ileile, nyama ileile. Tofauti ni kwamba yeye alifunga: kila jioni, kila Jumapili, kila sikukuu ya kanisa, na akifunga alitundika kibao kilichoandikwa LIMEFUNGWA kwa herufi kubwa kiasi cha kaka yake kuzisoma akiwa kwenye bamba lake. Kwa miaka kumi na minane ndugu hao wawili walisomana madirishani na hawakusemezana. Evanthia na Pandelis waliambiwa tangu utotoni kwamba waligombana kwa ajili ya haradali.

Stathis aliingia akiwa na suti nyeusi na kofia mkononi. Wateja wakaacha kutafuna.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Kanisani, Ba'mdogo."

"Mama yako?"

"Kanisani."

"Na wewe?"

Evanthia alionyesha bamba kwa mwiko, kama vile hilo linatosha.

"Unajua kwa nini niliondoka hapa?"

"Haradali. Baba alisema ulikuwa unanunua ya bei rahisi."

Gilhooly alipaliwa na kahawa.

"Haradali," alisema Stathis. "Angalau angenisingizia kitu cha maana." Akakaa kwenye kiti cha kwanza, kofia magotini. "Siku aliyozikwa bibi yako nilikuwa nimesimama hapo ulipo. Lefteris alisema mmoja lazima abaki, na mkubwa habaki. Kengele ilipolia nilikuwa na mikate mkono mzima. Mteja mmoja akalalamika kitunguu kimezidi. Nikamwomba radhi. Unaelewa? Mama yangu anashushwa shimoni, mimi naomba radhi kwa kitunguu. Kesho yake nikavua aproni, nikaiacha juu ya kaunta hii."

Evanthia aligeuza soseji ambazo hazikuhitaji kugeuzwa.

"Zima moto, mwanangu."

"Mlango haufungiki."

"Najua haufungiki. Lile tundu nililipaka rangi mimi, kwa majivuno yangu ya ujana. Nitakaa mlangoni. Atakayetaka kuingia anikanyage."

"Na wewe je? Ni kaka yako."

"Mimi nimezoea kukosa. Nenda."

Evanthia aliweka mkono kwenye swichi ya gesi. Alifikiria uso wa Pandelis. Alifikiria picha ya baba yake ukutani, amesimama kando ya mkokoteni kama mtu aliyeshinda kesi. Kimbunga hakikuzima moto huu, wala kufungwa kwa viwanda, wala kifo cha bibi. Akiuzima, hakuna Karvelas atakayeweza tena kusema kibanda hakifungwi bila kudanganya. Kisha akafikiria kwamba kesho baba yake atakuwa chini ya udongo na yeye atakuwa hapa, na keshokutwa hapa, na hakuna siku nyingine ya kumbusu.

Akaizungusha. Moto ulifanya pu, basi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikia jokofu la kibandani likinguruma.

"Bwana Gilhooly," alisema, "chukua na ile ya pili utoke nayo, tafadhali."

"Ndiyo, mama," alisema Gilhooly, akashuka kitini.

Evanthia alikimbia hadi kanisani na koti halijafungwa vifungo. Watu walikuwa wameshapanga mstari wa kuaga. Pandelis alimwona, macho yakamtoka.

"Nani yuko kibandani?"

"Ba'mdogo Stathis."

"Anapika?"

"Amekaa."

"Amekaa maana yake nini?"

"Nyamazeni," alisema mama yao. Akamzunguka Evanthia, akafungua kamba za aproni aliyoisahau mwilini, akaikunja na kuitia ndani ya mkoba wake mweusi. "Nenda."

Evanthia aliinama, akambusu baba yake kwenye paji la uso, kisha kwenye mkono. Mkono wake mwenyewe ulinuka kitunguu. Mkono wa baba, uliooshwa na watu wa mazishi, haukunuka chochote.

Gari la maiti lilipita mbele ya kibanda kama lilivyopangwa. Moshi haukuwepo. Stathis alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya mlango, miguu ameinyoosha, Gilhooly kasimama upande mmoja na wateja kadhaa wakirandaranda kando ya barabara wakiwa na njaa yao. Gari lilipomkaribia, Stathis aliinuka na kuvua kofia. Areti akamwambia dereva wao asimame, akateremsha kioo.

"Stathis."

"Areti."

Kioo kikapandishwa, msafara ukaenda makaburini.

Jioni, baada ya chakula cha samaki cha msiba, Evanthia na Pandelis walimkuta Stathis palepale, pua imekuwa nyekundu kwa baridi.

"Miaka arobaini na mitatu, Ba'mdogo," alisema Pandelis. "Tutawaambia watu nini?"

"Waambie baba yako alikufa. Watu wanaelewa. Wawili walitaka kugombana nami, nikawaambia kuna msiba, wakarudi na kahawa. Mbaya, lakini ya moto."

Pandelis alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akashika upande mmoja wa kiti, Stathis upande wa pili, wakakirudisha ndani.

Evanthia aliwasha bamba. Akanyoosha mkono, akaweka mkate mmoja, akaujaza.

"Ni Kwaresima, sili nyama," alisema Stathis.

Evanthia akatoa soseji, akachukua mkate mwingine, akapaka haradali na kumwaga kitunguu, basi. Stathis alitafuna polepole, akitazama kuta.

"Umekata vipande vya kitunguu vikubwa mno."

Pandelis alimtazama dada yake, akingoja aombe radhi kama kawaida yake.

"Ukitaka vidogo," alisema Evanthia, "njoo umenye."

Jumamosi fundi alikuja kuchokonoa tundu la kitasa. Chini ya kijani palikuwa na nyekundu, chini ya nyekundu palikuwa na kijani kingine. Ufunguo mpya ulitundikwa kwenye msumari kando ya picha ya mkokoteni. Unatumika mara chache, na kila mwenye jina anajua ulipo.