Viatu Mlangoni

Ikran ni binti wa kaka yangu Yarow wa Rhamu. Huu ni mwaka wa pili anakaa kwangu hapa Galbet, anasomea kupiga picha katika chuo kimoja cha mjini, na huniita eddo, maana mimi ndiye shangazi yake. Muhula uliopita mwalimu wake, Mureithi, alimrudishia picha zote. Alimwambia, "Picha zako ni safi kama za kitambulisho. Kila kitu kipo, ila mtu hayupo." Kaka yangu aliposikia, alisema kwenye simu, taratibu kama anayeulizia mifugo, kwamba akishindwa tena arudi nyumbani. Kuna familia imeshauliza habari zake, inataka kumposa.

Basi ilibaki picha moja. Ilitakiwa ionyeshe huzuni, na itumwe Alhamisi kabla ya magharibi.

"Ni kama sinema iliyosimama, eddo," alinieleza. "Unapanga kila kitu mwenyewe, mlango, mwanga, nguo. Mtu akiangalia mara moja anajua kisa chote."

"Na kisa chenyewe kipi?"

"Nyumba ya tanzia. Watu wamejaa lakini hatuwaoni, tunaona viatu vyao tu mlangoni. Na wewe uko ndani peke yako."

Aliomba nivae nguo nyeupe za eda. Hapo nilikataa. Nguo zile nilizivaa miezi minne na siku kumi kwa ajili ya mume wangu Guleid, Mungu amrehemu, na eda ni ibada, si vazi la kuigizia. Hakubishana. Lakini viatu ni viatu tu, nikamwambia akusanye. Aliomba kwa wapangaji, akatoa vyangu na vyake, akachukua hata ndara za marehemu zilizokuwa chini ya kitanda. Akavimwaga vyote kizingitini, akatandika mikeka uani, akafunga shuka dirishani jua lisichome, akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu.

Nikaketi ndani, nikaelekea mlangoni.

"Fikiria jambo la kuhuzunisha."

Nikafikiria.

"Eddo, unaonekana kama unangoja kung'olewa jino."

"Basi nifanyeje?"

"Usinitazame mimi. Tazama mlango, kama kuna mtu hatarudi."

Nilijaribu, wallahi. Lakini Guleid nilishamkabidhi kwa Mola wake, na siku hizi nikimfikiria nakumbuka zaidi alivyokuwa akipaliwa na chai kwa kuongea sana. Ikran alipiga, akatazama, akapiga tena. Kila akitazama mabega yake yalishuka. Ikafika saa nane.

"Ni ile ile," akasema. "Kila kitu kipo." Hakumalizia.

Ndipo Weris, jirani wa nyumba ya nyuma, akapita akitoka sokoni. Aliona viatu. Aliona mikeka. Aliniona mimi nimekaa natazama mlango. Mfuko wake wa nyanya ukamtoka mkononi.

"Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun." Akavua vyake, akaingia, akanikumbatia. "Dada yangu Faay. Lini?"

"Hakuna aliyekufa, Weris. Ikran anapiga picha ya chuo."

Akanitazama kwa huruma. "Hata mimi siku ya mama nilisema amelala tu. Subiri, walaal, ndugu yangu." Kisha akamgeukia Ikran, sauti chini. "Ni Abdihafid?"

Abdihafid ni mwanangu wa pekee, dereva wa lori la mizigo liendalo Hulugho. Wiki hizo njia ile haikuwa na habari nzuri. Ikran akasema hapana, hapana, lakini alisema huku analia kwa ajili ya picha yake iliyoharibika, na Weris akaamini machozi. Kabla sijasimama alikuwa keshapiga simu mbili.

Wakaja. Wengine na maziwa, wengine na sukari. Kila aliyefika aliona viatu vingi, akadhani amechelewa, akaharakisha kuingia. Nje wanaume walianza kufunga turubai. Nilisema mara kumi kwamba hakuna msiba, na kadiri nilivyosema kwa utulivu ndivyo walivyozidi kunihurumia.

"Bado haijamfikia moyoni," mmoja akasema.

"Mpeni maji."

"Haya, nitampigia mwanangu mumsikie wenyewe," nikasema.

Nikapiga. Mteja hapatikani. Nilijua hatapatikana. Njia ile ina mahali mtandao hupotea mpaka jioni, na nimelijua hilo kila wiki kwa miaka sita. Nikapiga tena. Hapatikani. Wanawake wote wakautazama mkono wangu. Nikawaza: Weris amepiga simu mbili, na huko alikopiga hakuna aliyembishia. Labda wao wanajua. Labda nisiyejua ni mimi. Nikatazama mlangoni. Viatu vilivyokuja na watu vilikuwa vimevifunika vya Ikran, na ndara za Guleid zilikuwa katikati, kama mtu aliyekuja naye kutoa pole.

Sikulia. Nikasikia kamera ikilia mara moja.

Abdihafid alipiga saa kumi na moja kasorobo. "Hooyo, watu wananililia mimi mwenyewe," akasema, anacheka. "Nimjibu nani kwanza?" Niliweka spika wamsikie. Wakamshukuru Mungu, wakaniomba radhi, wengine wakacheka mpaka wakajifuta macho, halafu wakahangaika nusu saa kutafuta viatu vyao katika lile rundo.

Ikran hakucheka. Alinionyesha uso wangu kwenye kamera. Siku Guleid alipofariki sikuwa na haja ya kioo, kwa hiyo uso ule sikuwa nimewahi kuuona. Nilitaka kuigeuza kamera chini.

"Ukisema nifute, nafuta, eddo. Kweli." Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Magharibi ilikuwa karibu.

Nyuma ya kidole kile kulikuwa na basi la kumrudisha Rhamu.

"Tuma," nikasema, nikaenda kutawadha.

Mureithi aliipitisha. Imebandikwa kwenye ukumbi wa chuo, na Ikran anasema wanafunzi wenzake huuliza huyo mama alijifunza wapi kuigiza.

Nilitaka kuwarudishia sukari yao, Weris akakataa. Alisema iliyoingia nyumba ya msiba hairudi kwa mwenyewe. Nikamwambia hakukuwa na msiba. "Basi iweke tu," akasema, na wenzake wakasema hivyo hivyo. Mifuko iko juu ya kabati. Kuitia kwenye chai siwezi. Nikiigawa, wataniuliza ni sadaka ya nani. Abdihafid ameondoka tena Jumatatu, na tangu leo asubuhi hapatikani.