Shemeji na Taa za Barabara Kuu

Mume wa mdogo wangu ni mtu mzima hovyo. Nasema nikiwa nimetulia kabisa. Ndiye msimamizi wa mafundi waliofunga taa kwenye barabara kuu, na tangu siku ya kwanza kichwa kilimvimba. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazama barabara hiyo hiyo, akaja kuniagiza koti la siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi ndiye wa kukata utepe, lakini yeye ndiye anataka koti libane kiunoni.

Mdogo wangu anafunga sabuni kiwandani, ng'ambo ya barabara. Zamu yao hutoka giza limeshaingia, na mwaka jana mwenzao mmoja aligongwa akivuka, akafa. Ndiyo maana taa za kwanza zilifungwa pale wanapovukia. Zilipowaka, wale wanawake walivuka wakicheka, nami nikamsifu shemeji mbele za watu. Najuta hadi leo.

Uzinduzi ulipokaribia, bosi wake akalalamika kwamba jukwaa halitapendeza kwenye televisheni bila taa. Jukwaa lenyewe lilikuwa mbele ya geti la huyo bosi. Basi shemeji, kwa kujikomba, akawapandisha mafundi, wakang'oa taa za kivukoni wakaenda kuzifunga kule. Akaniambia ni za kuazima tu. Sherehe ikaisha, picha yake akipeana mkono na mgeni rasmi ikatundikwa sebuleni, na taa hazikurudi. Bosi alishazipenda, na shemeji hathubutu kumdai.

Nyumbani alidai kuna hitilafu ndogo, inashughulikiwa. Mdogo wangu akaamini, hasa mumewe alipoanza kumfuata kazini kila jioni. Akawa anawaringia majirani kwamba mapenzi yamerudi upya. Siku moja nikafunga kibanda mapema, nikaenda kuyaona hayo mapenzi.

Nilimkuta chini ya nguzo isiyo na taa, tochi mkononi. Sikumsalimia.

"Shemeji, kama ni hitilafu ndogo, tochi ya nini?"

Akaniomba nisimwambie mkewe. Kumbe alijua hatari yote, akaamua kumwokoa wa kwake tu. Nilimdharau hapo kuliko siku zote.

Zamu ikatoka. Akaingia barabarani akipunga tochi, magari yakapunguza mwendo, akamvusha mkewe kwa mkono. Mdogo wangu anatabasamu kama bibi harusi. Wenzake wamebaki kule gizani, wameshikana nguo. Shemeji huyo, anashika njia ya nyumbani.

"Rudi ukawavushe na wale," nikamwambia, "au nimweleze mkeo taa ziko kwa nani."

Akarudi, amenuna. Walipofika katikati ya barabara, likaja gari kubwa jeusi linapiga honi mfululizo. Shemeji alilitambua. Akashusha tochi, akapisha pembeni, akapunga mkono kwa heshima zote. Wanawake wakaruka kila mmoja kivyake. Mmoja alianguka, kiatu chake kikasagwa na gurudumu, mguu ukanusurika.

Mdogo wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Akaniuliza yule kwenye gari ni nani.

"Ndiye mwenye taa zenu," nikamjibu, nikamweleza yote.

Alilala kwangu. Asubuhi nilikwenda kumchukulia nguo zake. Ile picha ilikuwa bado ukutani, nikamwachia mwenyewe.