Ngeli ya Oil Nzito

Mwalimu Projest Ishengoma hakuwahi kukiamini kitu chepesi. Uji mwepesi kwake ulikuwa maji yaliyopotea njia. Mchuzi mwepesi ulikuwa dharau kwa mgeni. Mtu akiheshimika huitwa mtu mzito, neno likiwa na maana huitwa neno zito, na yeye mwenyewe akipanda mzani pale zahanati, muuguzi huutazama kwanza mzani kwa huruma. Kwa hiyo alipoamua kumposa Rozina Okomo, Mama Favour, mjane wa Buzuruga jijini Mwanza anayeuza dagaa, akakumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi, hakuhangaika na vitenge. Alikwenda Mabatini kununua galoni ya oil ya injini, tena nzito kuliko zote dukani.

Msicheke kwanza. Rozina alikuwa ndiyo kwanza amepata lori lake, la dizeli, kutoka Japani, lenye taa kali na kompyuta ndani yake, na tangu lori lifike hakuzungumza habari nyingine. Mwalimu alikuwa amemtembelea kila Jumapili baada ya misa, mwaka mzima. Kila Jumapili alikwenda na posa kooni, akala, akashukuru, akarudi Ilemela na posa yake hukohuko kooni. Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki siku nyingi, watoto wako Dar, na nyumba yake ya juu ya mawe ilikuwa kimya mno. Alimpenda Rozina. Aliona akimkosa huyu, basi tena.

Evelina, mwenye duka la oil, alimuuliza gari gani.

"Lori. Dizeli. Kutoka Japani."

"La zamani au la kisasa?"

"La kisasa kabisa. Linang'aa."

"Basi hiyo ishirini-hamsini uliyoshika siyo yake, Mwalimu. Hiyo ni ya injini zilizochoka. Vyuma vikishalika vinaacha nafasi katikati, oil nzito inajaza pengo. Injini ya kisasa vyuma vyake vimebanana, njia za oil ni nyembamba, inataka tano-thelathini. Tena iwe ile ya magari yenye chujio la moshi, vinginevyo chujio litaziba."

Mwalimu alimtazama kwa jicho alilokuwa akiwatazamia wanafunzi waliochelewa.

"Binti, hiyo W iliyoandikwa hapa kwenye galoni, katikati ya namba, unajua ni nini? Ni winta. Ni baridi ya huko kwao. Wewe hapa Mabatini barafu umeiona wapi?"

"Kwenye friji la samaki tu. Lakini hiyo ni namba ya kwanza. Ya pili ni ya injini ikishapata moto, na moto tunao. Halafu hata bila barafu, oil nzito asubuhi inachelewa kupanda."

"Baba yangu aliendesha lori la kahawa Kamachumu maisha yake yote, kwa oil nzito kama asali."

"Lori la baba yako lilitengenezwa lini?"

Swali hilo Mwalimu aliona limekosa adabu. Akabeba galoni yake akaondoka.

Alimkuta Rozina uani, amesimama mbele ya lori. Dereva wake, Masele, miguu yake tu ndiyo iliyoonekana chini ya bodi. Masele alijitoa uvunguni, akafuta mikono.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini huko?"

"Jeki kachoka, Mwalimu. Na tairi huyu wa nyuma ana njaa ya upepo."

Mwalimu alifumba macho. Maisha yake yote ya kazi alifundisha Kiswahili, na mtoto aliyesema "meza amevunjika" alisimama nje mpaka kengele. Masele alikuwa kijana mzuri, dereva makini, lakini kwake kila chenye bolti kilikuwa binadamu. Betri alikufa, breki aligoma, na rejeta alikunywa maji.

"Masele, jeki si mtu. Jeki imechoka."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini huyu kachoka kweli."

Basi Mwalimu akamgeukia Rozina, akampa galoni. Rozina aliipokea kwa mikono miwili, akasoma namba. Akaitazama tena.

"Ahsante sana, Mwalimu. Umenifikiria," alisema. "Ila hapa kwenye mfuniko wa injini wameandika tano-thelathini."

"Wamewaandikia watu wao wa baridi. Wewe weka nzito, Mama Favour. Kizito ndicho kinachodumu."

Hapo ndipo alipotaka kusema lile lililomleta. Alipiga moyo konde, akakohoa, na Masele akaulizia spana namba kumi na saba. Neno likarudi tumboni.

"Jumapili nitakuja na jambo zito," ndilo alilofanikiwa kutoa.

"Karibu sana, Mwalimu. Mimi nipo," Rozina akajibu, na alipotabasamu Mwalimu alitembea mpaka kituo cha mabasi bila kuhisi kwamba jua lilikuwa linawaka.

Siku ya Jumatano alikuwa na shughuli zake Buzuruga, akaingia mgahawa uliogusana na gereji kunywa chai na chapati. Kati ya mgahawa na gereji palikuwa na ukuta wa mabati tu, na bati halizuii maneno. Mara akasikia sauti ya Masele.

"Mama, sasa huyu mzito tumfanyeje?"

Kikombe kikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Nimemfikiria sana," Rozina akajibu. "Roho inaniuma, Masele. Lakini ukweli hafai."

"Hafai, Mama. Asubuhi huyu anachelewa kupanda. Kazi imeanza, yeye bado yuko chini."

"Mimi hapa nataka mwepesi. Wa kisasa."

"Mwepesi nimeshampata Mabatini. Anatembea vizuri sana."

"Basi kamlete tumwingize leo jioni."

"Na mzito nimmwage?"

"Wee! Usithubutu kummwaga. Nitajua mwenyewe pa kumpeleka. Lakini asijue kwa sasa, ataumia."

Chai ilimwagika kwenye suruali. Mwalimu hakuihisi.

Mtu mwingine pengine angejiuliza mara mbili. Mwalimu Ishengoma hakuwa na haja hiyo, kwa sababu ngeli haidanganyi. Oil ni nzito. Mtu ni mzito. Na waliosemwa pale walikuwa mzito na mwepesi, wote wawili watu kamili wa ngeli ya kwanza. Ambacho hakukijua ni kwamba Rozina, kwa kukaa barabarani na Masele kutoka Mwanza mpaka Kahama na kurudi, alikuwa amechoka kumsahihisha, na mwisho ulimi wake mwenyewe ukaambukizwa.

Iliuma. Iliuma kuliko alivyotegemea kwa umri wake. Na huyo mwepesi wa Mabatini alimwona waziwazi kichwani: suruali ya kubana, kiuno cha nyigu, simu mbili.

Kwanza alijaribu kupigana. Kesho yake alfajiri alivaa viatu vya mazoezi alivyoachiwa na mwanawe, akaanza kupanda na kushuka mawe ya Ilemela mbiombio, na majirani wawili walitoka nje kuuliza nani amefariki. Alikataa ndizi. Alikunywa chai isiyo na sukari wala furaha. Alipokutana na dereva wa bodaboda aliyemzoea, alimwambia "Vipi, mwanangu, mambo poa?" Yule kijana akazima pikipiki, akashuka, akamshika mkono na kumuuliza kama anasikia kizunguzungu. Ijumaa alikwenda zahanati kupima. Mzani haukuwa umesogea, na muuguzi alishauri alale.

Basi akakubali yaishe. Atakwenda Jumapili, ataaga kwa heshima, na hatamsumbua tena mwana wa watu.

Rozina alikuwa amevaa gauni jipya. Harufu ya ndizi na sangara ilijaa sebuleni, na juu ya meza palikuwa na bakuli la mchuzi uliosimamisha kijiko. Mwalimu alibaki mlangoni.

"Mama Favour, sitakaa. Nimekuja kujimwaga mwenyewe."

"Kufanyaje?"

"Kujimwaga. Ili usipate tabu ya kutafuta pa kunipeleka. Nakutakia heri wewe na mwepesi wako."

"Mwepesi gani, Mwalimu?"

"Wa Mabatini. Wa kisasa. Yule mliyemwingiza Jumatano jioni." Sauti ilimkatika kidogo. "Mimi nilidhani kuchelewa kwangu kupanda ni heshima. Kumbe ilikuwa kasoro."

Rozina alimtazama. Akautazama uso uliosinyaa kwa njaa ya siku tatu. Kisha jambo likamwingia, akashika mdomo, akakaa juu ya gunia la dagaa lililokuwa karibu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

"Mwalimu! Ile ilikuwa oil!"

"Oil ni nzito. Ninyi mlisema mzito."

"Masele huyo! Ameniharibu Kiswahili! Njoo, njoo uone."

Alimvuta mkono mpaka pembeni ya kabati. Galoni yake ilikuwa pale, imefutwa vumbi, imewekwa juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kile cha wageni.

"Lori nililiwekea tano-thelathini, usinune, ndiyo inayotakiwa. Nilishindwa tu kukwambia. Lakini hii yako siitupi. Ina kazi. Ile mashine ya kusaga aliyoniachia marehemu, injini yake imelika, inapiga kelele, inatoa moshi. Ukiiwekea nyepesi inapita tu, haikai. Mzito ndiye anayeituliza."

"Ndiyo inayoituliza," alisema Mwalimu, kwa mazoea.

Rozina akaweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, umekuja kusahihisha au umekuja kuposa?"

Nje kuku alikuwa anaparua chini ya lori. Mwalimu Ishengoma alihisi lile neno la mwaka mzima linapanda, taratibu, kwa uzito wake wote, na safari hii halikurudi.

"Nimekuja kuposa."

"Haya. Sasa nisikilize. Evelina wa dukani amenieleza: mzito hafai kwenye injini mpya. Niangalie vizuri. Nimezika mume. Nimelea watoto peke yangu. Nimekaa juu ya magunia ya dagaa kwenye vumbi la barabara zote mpaka nikapata lori la kwangu. Mimi ni injini mpya?"

"Hapana," Mwalimu akajibu papo hapo.

"Nilidhani ungesita kidogo."

"Nilikuwa najaribu kuwa mwepesi."

Alicheka tena, safari hii kwa upole, akamvutia kiti. "Usijaribu tena. Kaa ule. Nina nafasi humu ndani ambayo chepesi hakiwezi kuijaza."

Mwalimu alikaa, na kiti kikalia kama kawaida yake. Alikuwa hajamaliza kunawa mikono Masele alipochungulia mlangoni.

"Mama, nakwenda mashineni. Nimchukue mzito?"

"Mchukue wa kwenye galoni," Rozina alisema, huku anapakua. "Huyu anabaki."

Mwalimu alifungua mdomo, akaupitia ule usemi wa mwisho neno kwa neno, akafunga mdomo. Ngeli ilikuwa sahihi.